Rangi Haikaushi Ukuta

Pua huwahi kujua kabla ya jicho. Ukifungua mlango wa chumba kilichofungwa siku kadhaa, hata doa hujaliona, tayari unaambiwa humu kuna maji mahali. Ni harufu ya gunia lililolowa likasahaulika stoo. Nimepaka rangi nyumba za kupanga kwa miaka 14, na harufu hiyo ikinipokea mlangoni huwa sina haja ya kuuliza kwa nini nimeitwa.

Kuna chumba kimoja ambacho hakijanitoka moyoni. Mwenye nyumba alinipigia simu asubuhi: mpangaji wa zamani ameshahama, mpya anaingia keshokutwa, na chumba cha kulala kina madoadoa kidogo. Nilipofika nikakuta madoadoa yenyewe yameanzia sakafuni yakapanda karibu na kiuno changu, meusi katikati na ya kijani pembeni. Mahali palipokuwa na kabati, ukungu ulikuwa umeota kwa umbo la kabati lenyewe, pembe nne kamili, kama kivuli kilichobaki baada ya mtu kuondoka. Nikabonyeza plasta kwa kidole gumba. Ikabonyea kama kadibodi iliyolowa.

"Mzee, huu ukuta unakunywa maji," nikamwambia. "Tutafute kwanza yanakotoka."

"Fundi, wewe funika tu. Mtu anaingia keshokutwa."

Nikafunika. Nilikwangua, nikafuta kwa klorini, nikapiga praima ya mafuta, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe. Jioni chumba kiling'aa na harufu ya rangi mpya ikaizima ile ya gunia. Nikachukua hela yangu nikaenda zangu.

Baada ya miezi minne mwenye nyumba yule yule akanipigia tena. Safari hii alikuwa na hasira. Mpangaji wake ni mchafu, hafungui madirisha, ameharibu ukuta, na gharama ya kupaka upya itakatwa kwenye amana yake. Nikaenda. Aliyenifungulia mlango ni mama mmoja kijana, kiunoni kambeba mtoto wa miaka kama mitatu ambaye kifua chake nilikisikia kikilia filimbi kabla sijaingia ndani.

Rangi yangu ilikuwa imevimba malengelenge. Nilitoboa moja kwa ncha ya skrepa, maji yakachuruzika hadi sakafuni. Lakini kilichonishika zaidi ni mistari. Mama yule alikuwa amechora mistari ya penseli ukutani, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja na tarehe yake, kama wazazi wanavyopima urefu wa mtoto kwenye fremu ya mlango. Wa chini ulikuwa karibu na sakafu, wa juu umeshapita swichi ya taa.

"Fundi," akaniambia, "aliyepaka rangi hapa alijua. Haiwezekani hakujua."

Nikamwambia ni mimi. Alininyamazia kwa muda, kisha akaenda kuniletea kiti cha kupandia.

Tangu siku ile nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu unyevu, ukungu na nyumba za kupanga, na nimebadili namna ninavyofanya kazi. Naandika haya kwa ajili ya wapangaji, kwa ajili ya wenye nyumba, na kwa mafundi wenzangu ambao kila wiki wanaambiwa wafunike tu.

Ugomvi wa ukungu karibu kila mara huanza kwa swali lisilo lake. Mwenye nyumba anauliza nani mchafu, mpangaji anauliza nani mwizi. Swali la kwanza ni moja: maji yanatoka wapi? Vimbegu vya ukungu viko hewani kila nyumba, safi na chafu. Haviwezi kuota bila unyevu. Chakula hukipata hata ukutani, kwa sababu vumbi, karatasi, mbao na rangi yenyewe vinavitosha. Rangi nyingi za maji huongezwa kitu cha kuzifanya ziwe nzito kinachotokana na mimea, na kuvu inakila. Ukipaka rangi juu ya ukuta uliolowa unaupelekea ukungu chakula kipya. Hata zile rangi zenye dawa ya kuzuia kuvu, dawa yake hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda, na haizibi bomba.

Maji yana njia chache za kuingia ukutani, na kila njia huacha alama yake.

Yanayopanda kutoka ardhini huanzia chini na mara nyingi hayavuki mita moja hivi. Huacha mstari wa wimbi wenye chumvi nyeupe inayopukutika ukiigusa. Hapo chanzo ni msingi: tabaka la kuzuia maji halikulazwa au limechanika, au udongo wa nje umerundikwa ukapita usawa wa tabaka hilo. Yanayopenya kutoka nje huonekana kama doa moja kubwa linalokolea mvua ikinyesha na kufifia jua likiwaka, na ukitoka nje ukasimama usawa wa doa utakuta ufa, mfereji wa paa ulioziba, au dirisha ambalo ukingo wake umeachana na ukuta. Yanayovuja kwenye bomba hayajali mvua wala jua. Hukua tu, siku hadi siku.

Aina ya nne ndiyo inayozusha ugomvi mkubwa, maana haya hayaingii kutoka popote: ni mvuke wa ndani ya nyumba. Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa baridi. Katika nyuzi 20, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba kama gramu 17 za maji. Ikishuka hadi nyuzi 10, inabaki na uwezo wa kubeba gramu 9 tu. Zilizozidi lazima zitue mahali, na hutua kwenye kitu cha baridi: kioo, pembe ya dari, ukuta wa nje nyuma ya kabati ambako hewa haipiti. Na si lazima uone matone. Uso wa ukuta ukikaa na unyevu wa asilimia 80 hivi kwa muda, kuvu inaanza kuota. Ndiyo maana wataalamu wanashauri unyevu wa hewa ndani ya nyumba usizidi asilimia 60. Kipima unyevu ni kifaa kidogo kinachokaa kiganjani, na mimi siku hizi nakibeba pamoja na brashi zangu.

Kuna jaribio moja ambalo mpangaji yeyote anaweza kulifanya. Kausha sehemu ya ukuta kwa kitambaa, ubandike kipande cha nailoni ngumu au karatasi ya foili, uzibe pande zote nne kwa gundi ya utepe, usubiri siku moja au mbili. Ukikuta matone upande unaotazama chumba, ni mvuke wa hewa ya ndani. Ukikuta umelowa upande uliogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta, na hakuna dirisha utakalofungua likayamaliza. Lipige picha kabla hujalibandua, na nyingine baada ya kulibandua.

Kwa yule mama sikuhitaji nailoni. Ukuta ule ulipakana na bafu, na mistari yake ilipanda wiki za mvua na wiki za jua kwa kasi ile ile. Nikamwomba mwenye nyumba aje. Tukafunga bomba zote ndani ya nyumba, hata ile ya choo, tukaenda kusimama mbele ya mita ya maji sote watatu. Kigurudumu chekundu kilikuwa kinazunguka. Polepole mno, lakini kinazunguka. Mzee alikiangalia muda mrefu. Hakuna aliyemwambia neno. Siku ya pili fundi bomba alivunja vigae viwili bafuni, akakuta kiungo kinachotoa tone, kinapumzika, kinatoa tone. Hivyo hivyo kwa miaka, nadhani, kwa sababu mpangaji wa kwanza naye aliondoka na sifa ya uchafu.

Kwa hiyo wajibu ni wa nani? Nitasema ninavyoona.

Nyumba yenyewe ni ya mwenye nyumba. Paa, msingi, kuta, mabomba yaliyofukiwa ukutani, mifereji, madirisha yanayofunguka, tundu la kutolea mvuke jikoni na bafuni, hayo yote mpangaji hana mamlaka ya kuyavunja na kuyajenga upya, na mtu hawezi kubebeshwa lawama ya kitu asichoruhusiwa kukigusa. Kodi inalipwa ili mtu akae, na kukaa ni pamoja na kupumua. Wazo hili halikuanza jana. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ya Washington nchini Marekani iliamua, katika kesi inayojulikana kama Javins, kwamba ndani ya kila mkataba wa nyumba ya kuishi kuna ahadi ya mwenye nyumba kwamba nyumba itakuwa ya kukalika na itatunzwa hivyo, hata kama ahadi hiyo haikuandikwa. California tangu mwaka 2016 inauhesabu ukungu unaoonekana, ukiondoa ule mdogo wa juu juu sehemu zinazolowa kila siku kwa matumizi ya kawaida, kuwa miongoni mwa kasoro zinazoweza kuifanya nyumba isifae. Ujerumani mpangaji wa nyumba yenye kasoro kubwa ana haki ya kulipa kodi pungufu hadi kasoro itengenezwe. Msomaji wangu atafute sheria ya kwake inasemaje kabla ya kufanya lolote, hasa kabla ya kuzuia kodi. Nimeona watu wakifukuzwa kwa kosa la kutolipa huku ukuta wao ukiwa na haki zote.

Upande wa mpangaji kuna kazi nazo ni za kweli. Atumie nyumba kama mtu anayejali: afunike sufuria inapochemka, afungue dirisha anapooga, asikaushe nguo chumbani mlango ukiwa umefungwa, asogeze kabati sentimita chache kutoka ukuta wa nje ili hewa ipite. Niliwahi kuitwa kwa kijana aliyekuwa ameziba matundu yote ya hewa kwa magazeti ili mbu wasiingie, akawa anachemsha maji humo humo ndani. Dari lake lilikuwa jeusi. Hapo sikumlaumu mwenye nyumba, ila nilimwambia wavu wa mbu kwenye yale matundu ni jambo dogo sana kwake kumfungia mpangaji, na alifunga.

Lakini hili la "fungua madirisha" limetumiwa vibaya kupita kiasi. Watu hupumua, huoga, hupika, hufua. Nyumba isiyomudu maisha ya kawaida ya waliomo ina kasoro ya ujenzi. Familia ya watu watano iliyopangishwa chumba chenye dirisha moja lisilofunguka haina mtindo mbaya wa maisha.

Uingereza kosa hili liligharimu uhai. Mtoto aliyeitwa Awaab Ishak alifariki Desemba 2020 mjini Rochdale, siku chache baada ya kutimiza miaka miwili. Uchunguzi wa kisheria wa kifo chake uliomalizika Novemba 2022 ulihitimisha kwamba alikufa kwa ugonjwa mkali wa njia ya hewa uliosababishwa na kukaa muda mrefu kwenye ukungu wa nyumba waliyopanga. Baba yake alianza kulalamika mwaka 2017. Aliambiwa apake rangi juu yake.

Sentensi hiyo niliisoma nikaiweka simu chini. Apake rangi juu yake.

Kutokana na kifo hicho ikatungwa sheria inayobeba jina la mtoto yule, ndani ya sheria ya mwaka 2023 ya nyumba za jamii, yaani nyumba za kodi nafuu zinazopangishwa na halmashauri na mashirika ya nyumba, na hatua yake ya kwanza ilianza kutumika Uingereza Oktoba 27, 2025. Wapangishaji wa nyumba za jamii sasa wana muda uliohesabiwa: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, unyevu na ukungu wenye hatari kubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kumalizika. Ninachokipenda katika sheria hii ni saa inayoanza kuhesabu mpangaji anapotoa taarifa. Mahali pengi hakuna saa kama hiyo, na mwenye nyumba anaweza kusema "nitakuja" mpaka mtoto aanze shule.

Na mtu asiniambie ni madoa tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na ukungu majumbani mwaka 2009, likaeleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye hali hiyo wako katika hatari kubwa zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua na kuzidiwa na pumu. Mimi mwenyewe nilikwangua kuta kavu kavu kwa miaka bila barakoa, na najua kifua changu kinavyokuwa asubuhi za baridi. Wenzangu, lowesheni ukuta kabla ya kukwangua, funikeni pua na mdomo, na msichanganye klorini na siki wala na dawa nyingine ya choo, kwa sababu hewa inayotoka hapo ni sumu.

Kama wewe ni mpangaji na nafasi yako ya kusema ni moja tu, basi sema mapema na kwa maandishi. Simu haina kumbukumbu. Meseji ina tarehe. Piga picha siku unayoingia, kila pembe, nyuma ya kila mlango, hata kama ukuta unang'aa, hasa kama unang'aa na unanuka rangi mpya. Kitu kikilowa kina saa 24 hadi 48 za kukauka kabla kuvu haijapata nafasi, kwa hiyo bomba likipasuka usiku usingoje mwisho wa mwezi unapopeleka kodi. Ukikaa kimya miezi sita ukungu ukala mlango, mwenye nyumba naye ana neno la kusema, na atakuwa sahihi.

Na wewe mwenye nyumba, taarifa ya doa dogo ni zawadi. Mpangaji aliyekuambia mapema amekuokolea ukuta. Ukimwita mchafu, anayefuata hatakuambia kitu. Atahama kimya kimya na kukuachia nondo zilizoshika kutu.

Mimi siku hizi nikiona ukuta unakunywa maji sipaki. Naandika kwenye karatasi ya makadirio, kwa lugha nyepesi, kwamba ukuta una maji, nadhani yanatoka wapi, na rangi isubiri. Natoa nakala mbili. Nimepoteza kazi kadhaa kwa hilo, na wapo wenye nyumba wawili watatu ambao sasa huniita kwanza mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Plasta mpya nayo naipa majuma manne kabla ya kuigusa. Wanaolalamika kwamba chumba kitakaa bila mpangaji mwezi mzima nawaonyesha picha ya malengelenge.

Baada ya kile kiungo kubadilishwa, mzee aliniomba nimalizie ukuta wa yule mama wiki ile ile. Amana haikukatwa, hilo walishaelewana. Mama ndiye aliyekataa nisipake. Alitaka kuona mwenyewe. Basi nikabandua plasta iliyokufa, tukaacha dirisha wazi, mtoto akahamia kulala chumba kingine, na kila Jumapili mama yule alipitisha kiganja ukutani akachora mstari pale unyevu ulipoishia, mistari sasa ikienda chini. Nilipita mara tatu nikaondoka na ndoo zangu. Mara ya nne nilikuta mstari wa mwisho uko sentimita chache juu ya sakafu, na pembeni yake tarehe ya siku ile ile. Akaniangalia, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo nikafungua kopo.